Tone Si Kipimo

Tarehe 3 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye chumba cha kukatia vitambaa, nina dakika kumi tu za mapumziko, kwa hiyo usinikosoe mwandiko.

Nimechoka, Mama. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Mapaja yananiuma, mgongo unaniuma, na jana nilipanda ngazi za kiwandani nikiwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, wasichana wa kushona wakawa wananipita huku wanacheka. Msimamizi amebandika karatasi nyeusi kwenye madirisha yote kwa sababu eti jua linafifisha vitambaa. Naingia asubuhi jua halijachomoza, natoka limekwisha kuzama. Vitambaa visififie, sisi tufifie.

Sasa sikiliza. Ile dawa ya Punje, vitamini D waliyotuandikia kliniki, duka ninalonunua siku zote halina tena. Jumamosi nzima, siku yangu moja ya kupumzika, nimezunguka maduka manne. La kwanza hawana. La pili limefungwa. La tatu mwuza dawa alikuwa anaongea na simu, hata kunitazama hakunitazama. La nne ndipo nimepata, ila ni ya kampuni nyingine. Chupa ni ndogo kidogo lakini dawa ni ile ile. Boksi nimelitoa kwa sababu dereva wa lori la nyuzi ananinunia nikimpa mzigo mkubwa. Nimeitumbukiza chupa ndani ya koni ya uzi, nikaiziba na vipande vya vitambaa. Mpe kama kawaida.

Usiruke hata siku moja. Nesi alisema mtoto wa chini ya mwaka anahitaji yuniti mia nne kila siku ili mifupa yake isilegee. Ningekuwepo ningempa mwenyewe. Lakini nipo huku nakata mikono ya mashati ya watu, na mwanangu wa miezi sita analala mikononi mwa mama yangu.

Mbusu shingoni, pale penye mikunjo.

Binti yako,
Wakia


Tarehe 11 Mei

Wakia mwanangu,

Marahaba. Koni imefika. Dereva kaitupa mlangoni bila hata kuzima injini, na chupa ikawa salama, kwa hiyo kiwanda kimekufundisha angalau kufunga mizigo.

Punje hajambo. Wewe ulizaliwa mwepesi nikakuita Wakia, kipimo kidogo cha mizani. Ukaenda ukazaa mwepesi kuliko wewe, sikuwa na jina jingine la kumpa ila Punje. Lakini wiki hii amefika kilo saba na gramu mia mbili, na nimempima mara tatu.

Hawa watu wa kampuni yako mpya wana wazimu. Shingoni mwa chupa wameweka kijizibo chenye tundu, eti dawa itoke tone tone. Tone! Tone si kipimo. Ukiinamisha chupa sana tone linakuwa nene, ukiinamisha kidogo linakuwa jembamba, mkono ukitetemeka yanatoka mawili. Nimekagua mizani ya masoko miaka thelathini na minne, na ningemkuta mtu anauza mafuta kwa matone ningemfungia duka siku hiyo hiyo. Kijizibo nimekichomoa kwa kisu. Natumia dropa yetu, ule mrija wa kioo wa kunyonyea dawa, ya chupa ya zamani, ile niliyoijaza maji nikayapima mara kumi kwenye mizani yangu ndogo: gramu moja, gramu moja, gramu moja. Kila asubuhi Punje anapata dropa nzima mpaka mstari wa juu, kama kawaida, haipungui wala haizidi.

Maandishi ya kwenye chupa yameandikwa na sisimizi kwa ajili ya sisimizi. Jirani yangu Fundi Saa, huyu wa mlango wa pili, alitaka kunisomea kwa ile lenzi anayoibana jichoni akifungua saa za watu. Nikamwambia abaki na sekunde zake, mimi na gramu zangu hatujambo.

Nesi naye kaanza kunifuata mimi. Eti nimeshapita miaka sabini, nahitaji mia nane kwa siku. Nikamuuliza: mtoto wa kilo saba apewe mia nne, mimi mwenye kilo sitini na mbili nipewe mia nane? Kwa hesabu ya mizani ningestahili elfu tatu na mia tano. Akaniandikia mia nane ile ile. Wasipojua kukokotoa waseme. Na jua nimelila vya kutosha masokoni, mifupa yangu bado ina akiba.

Pumzika, na huyo msimamizi mwambie nimesema hana adabu.

Mama


Tarehe 20 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya daktari wa kiwanda, nimecheka peke yangu pale kwenye sisimizi mpaka watu wakasogea.

Usishtuke. Nilianguka kwenye ngazi, hakuna kilichovunjika. Ila wamenipima damu na vitamini D yangu iko chini kabisa. Daktari akaniuliza mara ya mwisho niliona jua lini. Niliona aibu, Mama, kwa sababu sikukumbuka. Amenipa kidonge kikubwa, kimoja kwa wiki, wiki nane. Akanikazia macho: kwa wiki, si kwa siku, maana wapo wanaodhani wakikimbiza watapona haraka, wanaishia kuharibu figo. Baadaye nitarudi kwenye mia sita kama watu wazima wengine. Nikamwambia asihofu, mama yangu ni mkaguzi wa mizani, kwetu hakuna kinachozidi.

Nimemwomba msimamizi atoe karatasi dirisha moja tu. Kaniambia hata akitoa, kioo nacho kinazuia lile jua lenye faida, daktari mwenyewe ndiye kamwambia. Yaani ujuzi wa daktari ameutumia kuninyima dirisha. Nilitamani kumkata tai kwa mkasi wangu.

Nakutumia vidonge vyako, vya mia nane, kimoja kwa siku. Umri ndio unaopimwa hapa, Mama, si kilo. Usibishane na kidonge.

Punje anaota jino? Mbona safari hii hukuniandikia kama amecheka?

Wakia


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Pole kwa kuanguka. Hapa sote tu salama.

Jino bado. Punje amekuwa mchaguzi kidogo wa chakula, uji anausukuma kwa ulimi. Choo kimemkauka siku tatu hivi, nimempa maji ya uvuguvugu, na maji anayapenda kweli kweli siku hizi, anakunywa kikombe chote na kulilia kingine. Kutapika ni kidogo. Ni jino tu, hata wewe ulikuwa hivyo hivyo.

Hajakuwa mtu wa kucheka sana wiki hii, kwa sababu ya joto.

Mizani yangu imeanza uchizi. Inasema kilo sita na mia nane. Nadhani springi imelegea, nitaifungua nikipata nafasi.

Dawa sijaruka hata siku moja, uwe na amani. Vidonge vyangu vimefika, nimeviweka mahali pazuri.

Mama


Tarehe 8 Juni

Mama,

Nimeisoma barua yako mara tatu nimesimama.

Mizani yako? Mizani YAKO imekosea? Uligombana na hospitali siku niliyozaliwa mpaka wakaleta mizani nyingine kukuthibitishia. Ulimkatalia Baba mchana kutwa juu ya gramu hamsini za misumari. Sijawahi, tangu nimepata akili, kukusikia ukisema mizani yako ina uchizi, na leo unasema hivyo kwa sababu imekuambia mtoto wangu amepungua gramu mia nne!

Anatapika. Hali. Hapati choo. Halafu unaniambia joto na jino. Unanificha, Mama. Unadhani unanipunguzia mzigo, kumbe unaniua.

Nimempigia Fundi Saa mara sita, simu yake haipatikani. Wewe simu niliyokununulia umeifungia kabatini kwa sababu sikio lako limestaafu. Nitaendelea kupiga mpaka apokee. Dereva anaondoka sasa hivi, nampa barua hii ili mojawapo ifike. Ukiipata kabla ya simu yangu, mbebe mtoto uende hospitali. Usimpime tena. Mbebe uende.

Wakia


Tarehe 27 Juni

Mama,

Tumefika salama. Punje amelala kitandani kwangu, katikati ya mito miwili.

Nimejaribu kuandika barua hii siku nne na kila mara naichana. Basi acha niseme kama yalivyo. Siku tisa tumekaa wodini. Siku tisa mwanangu amechomwa sindano za dripu kwenye kichwa kwa sababu mikononi mshipa hauonekani. Nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki nikamtazama anavyolia bila sauti, na wewe umekaa upande wa pili, umeshika mkoba wako magotini.

Nilimsikia daktari kama ulivyomsikia. Dawa ya zamani ilikuwa nyepesi, dropa nzima ndiyo mia nne; ya chupa ile ni nzito. Tone moja ndiyo mia nne. Dropa yako inabeba matone thelathini. Yuniti elfu kumi na mbili, kila siku, mwezi mzima, kwa mtoto wa kilo saba! Kalisiamu ikamjaa kwenye damu, ndiyo maana kiu, ndiyo maana tumbo, na zingepita wiki mbili nyingine figo zake zingekufa. Na yote hayo yameandikwa kwenye chupa. Fundi Saa aliyasoma kwa dakika moja siku ile simu yangu ilipomfikia akaja kukugongea mlango, na alikwishaomba kuyasoma mwezi mmoja kabla, ukamwambia abaki na sekunde zake.

Kijizibo kilikuwepo, Mama. Watu waliotengeneza dawa waliweka kijizibo chenye tundu dogo makusudi, ili mtu asiweze kukosea hata akitaka. Ukakichomoa kwa kisu.

Daktari akakuuliza: nani alikuelekeza kipimo hiki? Ukasema hakuna mtu. Hakuna! Miaka sabini na moja hujawahi kukubali kuulizia kitu. Heshima yako ya mizani umeiweka juu ya mtoto wangu.

Nimempata mama mmoja mtaa wa nyuma anayetunza watoto wa wafanyakazi. Punje hatarudi huko. Sisemi kwa hasira, hasira imekwisha, nimebaki na uchovu tu. Nimekunakilia karatasi ya daktari: chini ya mwaka mmoja, mia nne, kuanzia mwaka mmoja mpaka sabini, mia sita, kupita sabini, mia nane, zaidi ya hapo daktari ndiye aseme. Mstari wa tatu ni wako.

Wakia


Tarehe 5 Julai

Mwanangu,

Karatasi nimeipata. Yote uliyoyasema ni kweli na sina la kujitetea.

Nikiwa kazini, mfanyabiashara tukimkuta na jiwe la mizani lenye kasoro, hatukumuuliza kama alijua au hakujua. Jiwe lilichukuliwa, likapigwa nyundo mbele yake, mwisho wa maneno. Wengine walilia. Mzee mmoja aliniambia, mama, jiwe hili nimerithi kwa baba yangu, sijui kama ni bovu. Nikampigia nyundo. Nilijiona mtu wa haki.

Dropa nimeipiga nyundo jana kwenye ngazi ya nyuma.

Kikapu chake cha nguo kimebaki hapa, na ile kofia ya njano. Nitampa dereva akikubali kubeba. Kama hatakubali, usinunue nyingine, nitatafuta njia.

Niambie tu anakula.

Mama


Tarehe 16 Julai, saa tatu na dakika arobaini asubuhi

Mwanangu Wakia,

Hujambo? Ni mimi Fundi Saa. Mama yako hajui kama nakuandikia, na akijua atanifungia duka ijapokuwa alistaafu zamani. Nimesita siku kumi na moja. Sasa nimechoka kusita.

Kwanza, kosa langu. Siku ulipopiga mara sita, simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Mtu anayerekebisha saa za mtaa mzima, simu yake imekufa. Najilaumu.

Pili. Jumapili ya tarehe tano mama yako aliniita nimfungulie sanduku lake la mawe ya mizani, kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ndani, juu ya mawe, nikakuta vipande vya dropa kwenye leso, na barua yako ya tarehe tatu Mei imekunjwa. Si tabia yangu kusoma barua za watu, lakini macho yangu yamezoea vitu vidogo na ilikuwa imekunjwa nje ndani. Uliandika: "dawa ni ile ile." Uliandika: "boksi nimelitoa." Uliandika: "mpe kama kawaida."

Nikamtazama. Nikamwambia, mama, daktari alikuuliza nani alikuelekeza, barua hii nilikuona ukiitia mkobani siku ya kwenda hospitali, ulikuwa nayo pale pale magotini! Akafunga sanduku. Akasema, "Yule alikuwa na mgonjwa wa kukesha naye, alikuwa na kazi ya kurudi, ana damu yake mwenyewe inayomsumbua. Ningemwongezea na hili? Mimi nilichomoa kijizibo. Linatosha kwa mtu mmoja." Kisha akanifukuza.

Sisemi hana kosa. Kuniita mtu wa sekunde nimemsamehe, lakini lenzi yangu alipaswa kuikubali. Nasema tu kwamba hesabu uliyofanya ina upande mmoja.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hamezi kidonge chake. Chupa uliyomtumia haijafunguliwa, hata ile karatasi ya fedha ya mdomoni ipo. Nilipomhimiza akasema mkono wake hauaminiki tena, hatagusa dawa yoyote, yake wala ya mtu. Anatembea ameshika meza. Anakula mkate na chai basi. Na kila asubuhi saa moja kamili, ndiyo saa aliyokuwa akimpa Punje dawa, anakaa pale jikoni na mikono ameiweka mezani, hafanyi kitu.

Mimi ni jirani tu, lakini nimechoka kumwona vile.

Fundi Saa


Tarehe 24 Julai

Mama,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana barua iliyopita sikukuamkia.

Leo nimepekua droo ya cherehani. Nimelikuta boksi. Sikulitupa, nilikuwa nimelitoa tu nikalisukumia humo. Ndani kuna karatasi ya maelekezo, imekunjwa mara nane kama ilivyotoka kiwandani. Sijawahi kuifungua. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi nene ambazo hata wewe ungezisoma ukiwa umesimama mlangoni: TONE MOJA KWA SIKU.

Mimi nina macho mazuri, Mama. Sikuwa na kisingizio cha sisimizi.

Na tarehe kumi na moja Mei uliniandikia wazi, neno kwa neno, kwamba umechomoa kijizibo na unampa dropa nzima. Nimeitoa barua hiyo nikaisoma upya. Hukunificha kitu siku ile. Nikacheka utani wako nikakujibu habari za tai ya msimamizi.

Siku tisa nimekutazama ng'ambo ya kitanda kwa chuki. Ulikuwa umekaa na barua yangu magotini. Sijui ungeitoa pale ningesema nini. Nimekasirika nawe kwa kunificha hilo pia, ujue, nimekasirika sana, kwa sababu umeniacha nikakutukana wiki nzima bila kunizuia, na sasa nabeba matusi yangu mwenyewe. Acha kunibebea vitu, Mama! Nimeshakuwa mkubwa, nipe na mimi uzito wangu.

Jana nimemwambia daktari wa Punje ukweli. Nilimpigia simu, nikamwambia, mimi ndiye niliyemwelekeza. Akasema ataandika hivyo kwenye faili.

Huyu mama wa mtaa wa nyuma anafungia watoto saba kwenye chumba kimoja, mapazia chini, televisheni juu. Nimefika mapema Jumanne nikamkuta Punje amekaa gizani anatazama tangazo la sabuni. Kazini nakaa gizani mimi, na yeye naye nimemtafutia giza la kukodi.

Nakuja naye Jumamosi. Sharti langu ni moja na si la kukudharau, ni la kwako mwenyewe, nimelitoa kazini kwako. Uliwahi kuniambia cheti cha mizani hakikuwa halali mpaka kiwe na sahihi mbili, ya mkaguzi na ya shahidi. Basi, kila dawa nyumbani humo, sahihi mbili. Fundi Saa awe shahidi, na lenzi yake. Akikuudhi, mvumilie.

Na ile barua yangu ya tarehe tatu Mei, naomba unirudishie. Nataka kuichoma.

Wakia


Tarehe 19 Oktoba

Wakia mwanangu,

Marahaba. Najua ulimwacha Punje hapa Agosti ukaondoka na roho juu, umegeuka nyuma mara tano kabla ya kona, kwa hiyo nakuandikia kwa utaratibu.

Punje amepimwa damu kwa mara ya tatu. Kalisiamu imeshuka mahali pake, figo zake ni nzima. Daktari ameruhusu tuanze tena, mia nne. Nilimwomba aandike, aseme kwa sauti, kisha aandike tena. Alianza kuchoka nami, nikamwambia avumilie, nalipa deni la kutouliza.

Nimenunua chupa mwenyewe, yenye boksi lake. Fundi Saa kasoma karatasi yote kwa lenzi, kuanzia juu mpaka anwani ya kiwanda, akanisomea hata onyo la kutohifadhi juani. Anafurahia kazi hii kupita kiasi. Asubuhi anafika saa moja kasorobo, anasimama na saa mkononi kama mwamuzi wa mpira. Nadondosha. Anasema, "Limetoka moja." Nasema, "Moja." Tunasaini. Bado naona tone si kipimo. Nimedondosha matone mia ya maji kwenye mizani kuhakikisha, hayalingani, nilijua tu. Lakini nimemwambia daktari akasema tofauti hiyo ndogo haina madhara, na nimekubali shingo upande.

Punje ana kilo nane na mia sita. Mizani haina uchizi wowote, haikuwahi kuwa nao. Ile siku niliiona namba nikajua, Wakia. Nilijua kuna jambo. Niliifungua springi nikaitazama nikaona ni nzima, nikaifunga, kisha nikakaa nikakuandikia kwamba imelegea. Dropa ilikuwa ujinga, na ujinga nimeupiga nyundo. Hili la mizani lilikuwa uongo, na ndilo linaloniamsha. Wiki ile nzima ndiyo ninayoomba unisamehe, si kijizibo.

Barua ya tarehe tatu Mei sikurudishii. Mawe mabovu hatukuyatupa yote. Mawili matatu tuliyabakiza ofisini ili mkaguzi mpya ayashike mkononi ajue kosa lina uzito gani. Barua yako na vipande vya dropa yangu viko pamoja kwenye leso moja. Punje akikua nitamwonyesha vyote viwili, na wewe uwepo.

Wiki tatu zijazo anatimiza mwaka mmoja. Karatasi inasema kiasi kinabadilika, mia sita. Sitabadilisha kitu kwa akili yangu. Niandikie wewe, kwa herufi kubwa, baada ya kumuuliza daktari, baada ya kusoma karatasi yote. Neno "kama kawaida" lisionekane humo.

Chini hapa nimekunakilia ukurasa wa leo.

Jumatatu, saa moja asubuhi.
Punje: tone moja. Aliyetoa: bibi. Shahidi: Fundi Saa.
Bibi: kidonge kimoja, mia nane. Aliyetoa: Fundi Saa, kwa mkono wake, kwa kuwa wangu bado siuamini. Shahidi: Punje.

Hajui kuandika. Lile doa la uji pembeni ndiyo sahihi yake.

Mama